Mama Wawili, Kaburi Moja

Mpendwa Shangazi Akiror, naomba msaada wako, na ukimaliza kusoma usinichukie, kwa sababu mimi mwenyewe nimejichukia kiasi cha kutosha.

Naitwa Babra, nauza viatu vya mitumba sokoni Tororo, na kaka yangu Othieno alikwenda Busia na wenzake kucheza muziki siku ile klabu ilipoungua, miaka tisa iliyopita, ile iliyokuwa na mlango mmoja tu, na unajua mwenyewe kwamba watu thelathini na mmoja hawakutoka, wa huku na wa ng'ambo Kenya, na tangu hapo sisi wote tumekuwa watu wengine, mpaka leo hakuna mtu anayeketi harusini kabla hajaangalia mlango wa pili uko wapi, na kanisani kwetu wameng'oa milango wakaigeuza ifunguke kwa nje. Asubuhi yake mimi ndiye niliyetumwa hospitali kutambua mwili, maana mama miguu ilikataa kusimama, na Shangazi, pale hapakuwa na sura, pale watu walikuwa wanatafuta mkanda, saa, jino, nami nikaona mguu mmoja uliokuwa umefunikwa na ukuta ulioanguka, kiatu chake kimebaki, kiatu cha ngozi nilichomchagulia Othieno kutoka kwenye belo la mitumba nikakishona soli kwa mkono wangu kwa uzi wa kijani, nikasema ni huyu, daktari akauliza una hakika, nikamjibu kama ninavyowajibu wateja, mtumba hauna pacha. Niliona kwamba mwili ni mrefu kuliko kaka yangu. Niliona, nikajiambia mtu akilala chini huonekana mrefu.

Tukamzika nyumbani kando ya baba. Kila Jumapili mama hupalilia lile kaburi kwa vidole, hataki jembe, na akimaliza huwaombea wote waliokufa siku ile, hasa wale ambao hawakutambuliwa.

Sasa mwaka juzi kwenye kumbukumbu, wakati majina yanasomwa na boda boda zote za mpakani zimezima injini na malori yamesimama, yaani mpaka mzima umenyamaza hadi unasikia jirani yako anapumua, nilikuwa nimekaa karibu na Mama Leonida, mama wa Kisamia kutoka Busia ya Kenya, ambaye mwanawe Chrispinus hakupatikana, hata nyumbani kwake wakazika mgomba mahali pa mwili kama ilivyo desturi yao. Majina yalipokwisha akaanza kunisimulia, anacheka na kulia kwa pamoja: "Chrispinus alinipigia simu jioni hiyo. Akaniambia, mathe, leo nimebadilishana viatu na beshte yangu wa Tororo, zake ni za ngozi, hata zimeshonwa na uzi ya kijani, ungeziona ungecheka. Nikamwambia, wewe na viatu vya watu!"

Shangazi, uzi ule niliushona mimi. Nimenyamaza miaka miwili. Na mwaka jana yeye na mama yangu wakakaa benchi moja, wakapendana, na juzi mama amemwalika kwa simu: "Wewe nakuja kwetu Jumapili ile baada ya kumbukumbu. Mimi iko na kaburi, wewe hapana. Weka maua kwa yangu, Mungu atapeleka kwa yako." Zimebaki wiki tatu. Nikifikiria yule mama atakuja kama mgeni kupiga magoti juu ya mtoto wake mwenyewe, naogopa kuliko nilivyoogopa hospitali, lakini nikisema, mama yangu ana presha, naye atafiwa na Othieno mara ya pili. Nifanye nini?

Babra, Tororo

SHANGAZI AKIROR ANAJIBU

Babra, nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikatoka nje, nikarudi. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye meza hii nikijibu habari za waume na mawifi. Sikufichi, ya kwako imenitetemesha.

Siku ile ya hospitali nakusamehe kabisa. Ulitumwa na mama asiyeweza kusimama, ukaona kitu kimoja unachokijua, ukakishika. Nani angependa kurudi nyumbani mikono mitupu? Hilo usilitubu tena. Lakini miaka miwili! Hapo sikubembelezi. Kila Jumapili umemtazama mama yako aking'oa majani kwa vidole, ukafunga mdomo, halafu unaniambia habari za presha. Uliyekuwa unamhurumia ni wewe mwenyewe, dada.

Tena muuza viatu mzima hujajifunza. Kiatu kilikudanganya mara moja, sasa unakiamini mara ya pili! Vijana waliobadilishana viatu jioni wangeweza kurudishiana baada ya nyimbo mbili. Hujui aliyelala pale ni nani. Ole wako umwambie Mama Leonida "huyu ni wako", kisha isiwe.

Fanya hivi. Wiki hii, mchana, mwite dada yake mama yako au mtu anayemsikiliza, hakikisha mama amemeza dawa zake, kisha mwambie habari ya mwili mrefu na habari ya viatu. Usiseme "nadhani" pale unapojua, wala "najua" pale unapodhani. Baada ya hapo vukeni mpaka, wewe na mama yako, mwende mpaka kwa Mama Leonida. Asikanyage kwenu kabla hajaambiwa. Wakikubaliana, nendeni wilayani na polisi mkaombe kibali cha mahakama cha kufukua na kupima vinasaba. Kila mama atatoa mate kwenye pamba, basi. Kabla ya karatasi hiyo mtu asiguse kaburi kwa jembe.

Na kuna jambo umelipita. Barua nzima hukuuliza Othieno yuko wapi. Wale saba wasiotambuliwa walizikwa pamoja hapa Busia, na mimi nilikuwepo. Kila mwaka namkuta Mama Leonida pale, amefika kabla ya watu wote. Anafuta vumbi kwenye ubao wa kaburi lao kwa leso yake, anaimba kidogo kwa Kisamia, kisha, akiamini mwanawe yumo humo, anaanza kumpa habari za nyumbani: nani ameoa, ng'ombe gani amezaa. Ikiwa kiatu safari hii kinasema kweli, anayepewa habari zile ni kaka yako. Mama yako amemtunza mtoto wa Mama Leonida, naye amemtunza wa mama yako, miaka tisa, na hakuna aliyewatuma. Nimezeeka, Babra, na jambo kama hili sijawahi kuliona. Sijui hata niliite nini.

Wewe ndiye unayewanyima kulijua. Jumamosi isipite hujamwambia mama.