Mgongo Wako, Kaka

Kaka yangu,

Natumaini humo kizuizini wamekurudishia lile blanketi. Huku hatujambo. Mwanao, huyu wangu wa mwisho, ameota jino na sasa hakuna asiyeng'atwa. Kazini kwenye kufua mashuka ya hospitali wamenihamishia mashine ya kukausha, angalau mikono imepona. Shemeji yako anakusalimu sana.

Jana nilionana na mwanasheria wako. Anasema muda wa kukata rufaa umeshapita, ila wanaweza kuipokea tukipeleka ushahidi mpya kabla hujapandishwa ndege. Akaniuliza, "Hivi mtu mwenye makovu yote yale walimkataliaje hifadhi ya ukimbizi?" Nikamwambia sijui.

Najua, Kaka, na wewe unajua. Maofisa wa uhamiaji walikwambia habari zako za gerezani kule kwetu wameshazisikia neno kwa neno kwa mtu mwingine, nawe hukunitaja. Mimi niliyetangulia kufika niliwasimulia kipigo chako kana kwamba ni changu. Wakanionea huruma, hata shati hawakuniambia nivue. Wewe ulivua, wakasema hayo ni makovu ya ajali.

Kesho naenda mahakamani na mwanasheria. Shemeji yako yuko hapa ananipigia pasi shati jeupe huku anaimba, akidhani naenda kukusemea tu. Sijamwambia kwamba huenda wakatufukuza sote nchini. Safari hii nitavua bila kuambiwa, wauone mgongo wangu ulivyo laini.

Ni mimi, mdogo wako.