Nimesema Chatu Hali, na Anakula

Shangazi Glenys mpendwa, kila Jumatano nakusikiliza redioni nikipiga pasi, na leo zamu ya kukulilia ni yangu, ila tafadhali usinicheke, maana habari yenyewe ni ya nyoka.

Miaka mitatu iliyopita mwanangu Brodie alipata kazi mgodini Mount Isa akaniachia chatu wake, akasema, "Wiki sita tu, Mama," na mimi ambaye hata mjusi hunipandisha juu ya kiti nikakubali, kwa sababu ni mwanangu, na mume wangu Merv akasema yeye hayumo. Chatu anaitwa Mchuzi kwa rangi yake, na kwa urefu ananipita. Sanduku alilokuja nalo lilikuwa limembana, basi Brodie akawa ananipigia simu kila Jumapili kunielekeza nimjengee kizimba, na Merv asiyekuwemo akatoa kabati la marehemu mama yake, tukaliwekea milango ya vioo yenye kufuli, taa ya joto upande mmoja, nayo ina wavu asijiunguze, upande wa pili ukabaki wa baridi, kipimajoto huku na huku, na maficho mawili, moja kila upande, ili asikose pa kujificha akitaka joto wala akitaka baridi, na tawi nene la kupanda, na beseni la maji ambamo huingia mwili mzima akikaribia kujivua gamba. Panya wake wanakaa kwenye friza chini ya aiskrimu, na Merv huniambia, "Noelene, siku moja utatukaangia hao," lakini juzi nimemkuta amevuta kiti mbele ya kioo, anamsimulia Mchuzi matokeo ya kriketi!

Shangazi, nina raha. Nampenda huyu nyoka, sikufichi. Ila zaidi ya nyoka naipenda ile simu ya Jumapili, maana kabla ya Mchuzi mwanangu alikuwa ananipigia Krismasi na siku yangu ya kuzaliwa, basi. Jumapili iliyopita akasema amepata nyumba, atamchukua Mchuzi, na mimi mdomo ukanitangulia, nikasema hawezi kusafiri, hali chakula wiki tatu sasa. Uongo mtupu, asubuhi ile alikuwa amemeza panya mkubwa! Brodie akanyamaza kidogo, akasema, "Ni Novemba, Mama, joto tupu. Nyoka hugoma wakati wa baridi." Nikasema basi ndiyo hivyo. Sasa ameomba likizo, Ijumaa anaendesha gari kwa muda wa saa kumi na nne kuja Rockhampton ampeleke kwa daktari, na Merv anasema mzigo huu ni wangu mwenyewe. Nikisema kweli ataniona mwongo na nyoka ataondoka na simu zitakwisha. Nifanyeje?

Noelene, Rockhampton

Noelene we! Mama mzima, umemsingizia ugonjwa nyoka asiyeweza kujitetea. Na ungechagua uongo wenye akili basi! Novemba hii, Rockhampton hii, joto linatuyeyusha sote, chatu gani anagoma kula?

Kwanza nikupongeze, maana unastahili. Kizimba chako nimekipenda. Wanaofuga miaka kumi hawakumbuki maficho ya pili, na wewe uliyekuwa unapanda viti umekumbuka. Angalia tu kwamba taa ina kidhibiti joto, isiwake ovyo, na akishameza mwache siku mbili bila kumshika, hata Merv akiwa na matokeo ya kriketi.

Sasa sikiliza. Mwanao ndiye aliyekufundisha yote haya. Anajua vizuri kuliko wewe na mimi kwamba chatu mwenye afya anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asidhurike. Angeweza kukwambia, "Subiri, Mama, pandisha joto kidogo." Hakusema. Ameomba likizo, atakaa saa kumi na nne barabarani. Hebu nijibu wewe, anamfuata nyoka?

Nimesikia hofu yako na inaniuma, nina wanangu pia na simu yangu hukaa kimya. Lakini mtu akikosa namna ya kusema nimekukumbuka, huuliza nyoka anaendeleaje. Na wewe umekuwa unamjibu kwa vipimajoto.

Mpigie leo. Si Alhamisi, leo, usimwache apande gari akiwa na wasiwasi wa bure. Mwambie hivi: "Mchuzi anakula. Nilidanganya, kwa sababu niliogopa utaacha kupiga." Usizunguke, usimtupie Merv lawama. Atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Kisha mwambie aje hata hivyo, kitanda kiko tayari. Kuhusu nani abaki na Mchuzi, kibali cha serikali cha kumfuga bila shaka kiko kwa jina lake, kwa hiyo uamuzi ni wake. Akimtaka, mpakie vizuri kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya sanduku, usimlishe siku chache kabla ya safari, na mpe kabati la bibi yake.

Na ukishamwambia, atanyamaza kidogo kwenye simu, kama alivyonyamaza siku ile. Usiujaze ukimya huo kwa habari za nyoka. Nyamaza naye, umsubiri.