Ushahidi Juu ya Matope ya Marcellin

Louisville, tarehe 9 Septemba

Mdogo wangu Séphora,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetutoa kambini na kutufikisha kwenye nchi hii ya baridi. Watoto wako wazima? Na miguu yako, bado inavimba ukishinda umesimama pale kiwandani? Uiloweke kwenye maji ya chumvi kama mama alivyotufundisha, usiidharau. Sisi hapa tupo, kwa neema. Isaro wangu anamaliza shule mwaka huu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini amesema nikusalimie, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Unasema Jumamosi wazee wa kanisa lenu la Buffalo watakaa kuamua habari ya mume wako Marcellin, kama kweli ni mchawi, na kwamba wakimkuta na hatia hutamfungulia tena mlango wa nyumba yenu ya mtaa wa Black Rock, abaki hukohuko mtaa wa Kensington-Bailey kwa binamu yake Cubaka. Unataka niandike ushahidi kwa mkono wangu, kwa kuwa habari hiyo ilitoka kwangu. Bon, ndio huu. Unasema pia kwamba kila wazee wakimuuliza, anawajibu neno moja tu: mwulizeni Charlotte. Wewe umeona ananitukana. Ngoja, nitafika hapo.

Nianze na jambo unalolijua. Simpendi mume wako. Sikumpenda siku ya posa, alipokuja amechelewa na viatu vya kuazima, na sikumpenda mwezi wa tatu uliponiomba nimpokee kwa sababu ghala alilofanyia kazi Buffalo lilikuwa limefungwa. Nilimpokea kwa ajili yako. Nikamtafutia kazi kwenye uwanja ninaofanyia kazi, mimi mwenyewe, na kwa kinywa hiki nikamwambia bosi kwamba ni mtu mwaminifu. Miezi minne alilala kwenye kanapé yangu akikoroma kama mashine ya kusaga. Alikula wali wangu akisema wako una ladha zaidi. Nikiomba asubuhi, alikaa mezani akitazama saa, na siku moja akaniambia Yaya, kana kwamba mimi ni dada yake mkubwa pia, fupisha kidogo, huko juu wana watu wengine wa kuwasikiliza.

Wewe unaijua kazi yangu. Nafua nguo za timu ya besiboli ya hapa, kwenye chumba kilicho chini ya viti vya watazamaji, pasipo na dirisha. Timu ilianza kushindwa mwezi wa nne na haikuacha. Mwezi wa sita ilishindwa michezo kumi na minne mfululizo. Séphora, sijawahi kuona watu wazima wakichukiana vile. Mashabiki walivaa mifuko ya karatasi vichwani ili wasijulikane kwamba ni wetu, na waliwazomea wachezaji mpaka mimi kule chini nikasikia. Wachezaji hawakusalimiana. Mmoja alipiga teke kapu langu la nguo safi kwa sababu tu lilikuwa mbele yake. Kocha alipindua meza ya chakula, supu ikamwagika yote, na ni mimi niliyepiga deki. Na Marcellin akawa anapita mlangoni kwangu kila asubuhi kuniuliza kama Mungu wangu amekwisha kunywa chai, au leo pia atakuja mchezo ukiwa umeisha.

Ni katika siku hizo nilipoyaona yale matope.

Marcellin alikuwa na ufunguo wa chumba cha waamuzi. Mimi hupeleka taulo huko. Siku moja nilisukuma mlango bila kubisha, nikamkuta ameinama juu ya ndoo ya mipira mipya, myeupe. Kando yake kulikuwa na kopo la matope meusi, laini kama ugali wa muhogo. Alichota kwa kidole, akatemea mate kiganjani, akachukua mpira na kuusugua polepole, kisha mwingine, na mwingine. Nilimuuliza anafanya nini. Angeweza kunijibu kama mtu. Badala yake alinitazama, akacheka, akasema Yaya, hii ni siri ya wazungu, funga mlango usije ukapofuka.

Wewe na mimi tumekulia tulipokulia. Mtu anajifungia ndani, na matope, na mate, na siku hiyohiyo watu wake wanaanguka: kwetu mtu huyo anaitwaje? Sikumuuliza mtu mwingine. Kwa bosi ningeona haya, na Kiingereza changu unakijua. Nilimpigia simu Mchungaji Ngarambe wenu hukohuko Buffalo, nikamwambia mume wa mdogo wangu anaroga timu nzima kwa matope. Nilimwambia kwa machozi. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini chini yake, mdogo wangu, kulikuwa na utamu.

Mwisho wa mwezi ule nilikwenda Columbus kwenye maombi ya siku tatu kwa Mchungaji Kagabo, tukiwa akina mama watano ndani ya gari moja. Nilimweleza shida bila kutaja jina. Alinipa chupa ndogo ya mafuta ya zeituni aliyoyaombea, akaniambia niyapake popote adui alipoweka mkono. Yeye nisimsingizie, hakujua kwamba nasema habari ya mipira. Mimi ndiye niliyejua.

Mwezi wa saba timu ya hukohuko Columbus ikaja kucheza na yetu. Sehemu hii watu wa Buffalo hawaijui, kwa hiyo wazee wasikilize vizuri. Siku ya kwanza, Marcellin alikuwa amekwisha kusugua mipira yake, akaenda kula. Mlango aliuacha wazi. Niliingia na taulo zangu, na chupa ndani ya aproni. Nilipiga magoti mbele ya ndoo. Nilichukua mpira baada ya mpira, nikafuta matope kwa kitambaa chenye maji, nikatia mafuta, nikachora msalaba kwa kidole gumba, nikasugua mpaka ngozi ikayanywa. Sikuimaliza yote, nilisikia hatua. Lakini ilikuwa mingi, nami nilitoka pale nikiimba moyoni.

Mipira ile ilikataa kushikwa. Mrushaji wetu alirusha mmoja ukaenda juu ya uzio, mwingine ukaanguka miguuni pake, watu wakamcheka na kumzomea. Wa tatu ulimponyoka kama samaki, ukampiga mpigaji wa Columbus shavuni. Kule chini nilisikia kelele za vita. Timu zote mbili ziliingia uwanjani zikapigana, ngumi na meno. Kijana wa watu mfupa wa shavu ulivunjika. Mwamuzi aliunusa ule mpira, akamwita bosi, bosi naye akamwita mwenye ufunguo.

Na mimi niliitwa. Bosi aliniuliza kama niliona mtu mwingine akiigusa mipira. Nilijibu kwamba sikuona mwingine ila Marcellin. Sikusitasita. Nilijiambia kwamba mafuta ya Mungu hayawezi kuvunja mfupa wa mtu, kwa hiyo ni yale matope. Alifukuzwa palepale.

Alipita chumba changu cha kufulia kuchukua koti lake. Nilingoja anitukane. Alitoa kitu mfukoni, akakiweka juu ya mashine, akasema Yaya, ulisahau mafuta yako kule nyuma ya ndoo. Ilikuwa chupa ya Kagabo. Kisha akapanda basi kurudi kwako. Mimi nikadhani ananikejeli kama kawaida yake.

Wiki iliyofuata bosi aliniletea kopo la matope na ndoo, akasema kuanzia leo kazi ni yangu mpaka apatikane mwingine. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nilimwambia mimi ni mtu wa Mungu, siwezi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza taratibu, Isaro akitafsiri kwenye simu. Mpira mpya unateleza kama sabuni. Ni sharti usuguliwe matope ya mto kabla ya mchezo ili mrushaji aushike. Imeandikwa katika sheria za mchezo wao, inafanyika kila mji, na mate ni kwa kuyalainisha tu. Aliongeza kwamba siku ile alimuuliza Marcellin kwa nini mipira inanuka mafuta, naye akajibu kwamba alikuwa ametoka kula, hakunawa.

Séphora, alijua. Chupa alikuwa nayo mfukoni wakati anafukuzwa. Angeiinua tu, ningetoka mimi. Na huko kwenu wamemnyima kipaza sauti cha kwaya, watu hawapokei sahani mkononi mwake, wewe umemtoa nyumbani, na bado anasema mwulizeni Charlotte. Hakunitukana. Aliniachia mlango niingie mwenyewe.

Nimelijua hili tangu mwisho wa mwezi wa saba. Nimenyamaza wiki sita, nikifunga na kuomba kila Jumatano kana kwamba Mungu hajasikia habari hii. Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa kuchekwa na akina mama wa Columbus. Na nilichelewa pia kwa kuwa nilipenda yeye awe mchawi.

Barua hii isomwe Jumamosi mbele ya wazee, yote, na yale ya viatu vya kuazima usiyaruke. Wakiona ni ngumu kuamini, wamtume mmoja wao uwanja wa hukohuko Buffalo, aulize mipira yao husuguliwa nini. Kesho nitamwambia bosi habari ya chupa, Isaro akiwa kando yangu. Akinifukuza, basi.

Mume wako bado simpendi. Anakoroma, na mdomo wake hauna mlinzi. Mfungulie mlango kabla ya Jumamosi, usingoje wazee.

Timu imeshindwa tena jana, kwa mipira niliyoisugua mimi. Nikimaliza huwa nanawa mara mbili, lakini weusi wa matope unabaki kwenye kucha, na ukiona alama pembeni ya karatasi hii, usiwaulize wazee ni kitu gani.

Wabusu watoto. Msalimie Mchungaji Ngarambe, umwambie nitampigia mwenyewe. Mungu akulinde wewe na miguu yako.

Ni mimi yaya wako,
Charlotte