Farasi Nyuma ya Lango

Iringa, Jumamosi

Nimeudhika, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Boma la Wajerumani tumeliona, na soko pia. Mjukuu wangu Neema alifuata ramani kwenye simu, hatukuhitaji wa kutuongoza. Lakini sikutoka Ilomba kuja kutazama majengo. Nilitaka farasi wanaofugwa mashambani nje ya mji. Nimesoma habari zao tangu shuleni, sijawahi kumgusa hata mmoja.

Njiani mtandao ukakatika. Neema akashusha kioo cha gari amuulize njia mama aliyekuwa akianua mahindi. Nikamkataza. Mtu mzima haulizwi njia kupitia dirishani kama muuza karanga! Nikashuka na mkongojo wangu, nikamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene." Basi. Tukaingizwa ndani, tukapewa togwa, tukaulizwa habari za ukoo mzima, kisha ukaja ugali.

"Babu, wanafunga saa kumi na moja," Neema akaninong'oneza.

"Kula, usiniaibishe."

Tulikuta lango limefungwa. Nyuma yake nilimsikia farasi mmoja akipumua kwa nguvu.

"Tutarudi Krismasi, babu. Usinune kama mtoto."

Nikajibu sawa. Sijamwambia Neema alichosema daktari, kwamba Krismasi kwangu ni mbali. Naogopa uso wake akisikia.

Kesho nitamwambia, kisha nitamwomba anirudishe pale langoni asubuhi. Tukipita kwa yule mama nitatazama upande wa pili. Mungu anisamehe.