Panga la Kuazima

Mama mpendwa,

Natumai goti limepoa. Huku Kisii mvua hunyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa.

Uliponifungia chapati za safari uliniuliza, "Udaktari wa mimea umeshapata, sasa unasomea nini tena?" Nilikuwa na barua ya Profesa tu, yeye peke yake aliyejibu kati ya wote niliowaomba nafasi ya utafiti vyuoni mwao: "Njoo. Usisahau gambuti."

Usaili wenyewe ulikuwa jana shambani, Sironga, ambako Profesa alinipeleka kwa Mama Kerubo, ambaye migomba yake inanyauka. Alinipa panga aliloazima kwa jirani nikate ndizi za kupika. Nikaingia jikoni kwanza, nikalitia motoni. Akashika kiuno.

"Mgeni, hilo ni panga, si mahindi!"

Nikamweleza kwamba ugonjwa wa migomba husafiri na panga kutoka shamba hadi shamba, na moto huuangamiza. Akamgeukia Profesa.

"Huyu amesoma akamaliza. Mpe kazi."

Profesa alicheka hadi akavua miwani. Naanza Jumatatu. Ndizi tulizila na chinsaga, mboga yenye uchungu mtamu kama mchunga wako.

Kanda goti kwa maji ya moto, Mama. Na kanisani wakikuuliza mwanao atamaliza kusoma lini, waambie alimaliza jana, jikoni kwa Mama Kerubo.

Akupendaye,
Mkawasi