Kidole cha Betri

Dada Zuhura mpendwa,

Nakupa salamu zote mbili, ya kwetu na ya kwenu, uchague inayokufaa na nyingine umpe shemeji. Mimi ni mzima. Mgongo ndio unalalamika, lakini huo ulianza kulalamika siku niliyofika Kampala na hakuna anayeusikiliza.

Bado niko kwenye mjengo. Tunainua nyumba ya ghorofa nne juu ya kilima cha Mbuya, na mimi si fundi. Kazi yangu ni kupandisha zege kwa karai, kushuka na karai tupu, kupandisha tena. Mtu wa kazi hiyo huku anaitwa poota. Jina langu saitini hawalijui. Fundi akiita "poota" tunageuka watu sita. Jioni narudi Kibuli, nilikopanga chumba, nanawa saruji, nalala. Shule niliiachia darasa la saba, wajua, kwa hiyo ukikuta makosa humu usinicheke sana. Mwalimu wangu wa Kiingereza ulikuwa wewe, na kosa lako moja la Kiingereza ndilo limenifanya nikae chini kuandika.

Jumamosi moja tulitoka kazini mapema kwa sababu saruji iliisha. Pale Kibuli, chini kidogo ya msikiti, kuna mama mmoja anayetengeneza redio na simu. Watu humwita Nalongo kwa kuwa amezaa pacha. Nilimpelekea chaja yangu iliyokatika waya. Kwenye sanduku lake la kioo, katikati ya rimoti na saa zilizokufa, nikaona kitu cha kijivu chenye vitufe viwili vyekundu. Moyo ulikijua kabla ya macho. Gemu ya mkononi, Dada, sawasawa na ile ya kwetu. Nikaomba niishike, nikaigeuza nione kaseti iliyochomekwa, na hapo nikamwona: kijitu kifupi chenye masikio makubwa, kimebeba kichwani begi kubwa kuliko chenyewe.

Tanboi wetu.

Unakumbuka ilivyotufikia? Mjomba aliileta kutoka Nairobi akiwa ameshaichoka, haina kifuniko cha betri, na kaseti ni hiyo moja tu. Gemu zote tulizozisikia kwa watoto wengine zilikuwa za mashujaa. Katika hii, shujaa anakamatwa mwanzoni kabisa. Anatokea na joho lake refu, kidole juu, ndege mkubwa anashuka, anambeba, kwisha. Anabaki yule wa kumbebea mizigo. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anajitwika begi na kuanza kutembea. Wewe ulisema ni kama tanboi wa lori la miwa ambaye dereva wake amekimbia. Jina likabaki. Baba alikuwa dereva wa miwa na sisi tuliwajua matanboi: ndio waliofunga minyororo, ndio waliosukuma lori likizama kwenye matope, na siku Baba alipopigwa picha na lori lake hakuna aliyewaita.

Tulikaa juu ya gunia nyuma ya jiko. Wewe ulicheza. Mimi nilizikandamiza betri kwa nyuma, kwa kidole gumba, maana bila kidole zingeruka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na niliifanya kwa moyo wote. Shida ilikuwa kicheko. Nikicheka, kidole kinalegea, betri inachomoka, kioo kinazima na tunarudi mwanzo. Na ungezuiaje kucheka, Tanboi anapokosea kuruka bomba, anatua kwa makalio, halafu begi linachelewa, linachelewa, linamwangukia? Ulinifinya sikio ukaniambia:

"Juma, cheka kwa mdomo. Usicheke kwa kidole."

Nimeishi na neno hilo. Hata leo nikiwa kwenye ngazi na karai kichwani, fundi akatoa mzaha, nacheka kwa mdomo peke yake. Mwili wote unabaki kazini.

Hatua tatu za kwanza tulizijua kama njia ya kisimani. Hatua ya nne tuliiona mara moja tu. Kila kitu kilikuwa cheupe, ardhi nyeupe, miti myeupe, Tanboi anateleza. Hatukuwa tumewahi kuona theluji. Ulitazama kwa makini, ukaamua ni sukari imemwagika kiwandani. Nikacheka kwa kidole. Hatukuiona tena.

Sasa kosa lako. Kila hatua ilipoisha, kioo kilikuwa cheusi na neno SAVE likatokea, chini yake YES na NO. Mimi nilikuwa darasa la pili, wewe la sita, kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa na Kiingereza. Nikakuuliza inasema nini. Wiki ile kulikuwa na krusedi kwenye uwanja wa soko, vipaza sauti vinafika mpaka kwetu, mhubiri anarusha Kiingereza na mkalimani anadaka. Mhubiri akitaja neno lile, mkalimani anauliza nani ameokoka. Ulifikiri kidogo, ukateremsha sauti.

"Inauliza kama tumeokoka."

Tukatazamana. Nyumba ya Baba, Mzee Rajabu, Waislamu tangu babu wa babu, halafu kigemu kije kutuuliza swali hilo nyuma ya jiko letu wenyewe. Nikataka kujua tukikubali itakuwaje. Ukasema huenda ikapiga wimbo wa kanisa na Baba akasikia. Basi ukabonyeza NO, kwa adabu, na mimi nikahisi kama nimemaliza siku nzima ya saumu. Tulibonyeza NO mwaka mzima na zaidi. Kila asubuhi ya likizo tukaanza tena kwenye bomba lile lile la kwanza, tukashangaa kwa nini Tanboi hasongi mbele, mpaka siku ile gemu ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji na ikawa basi.

Kwa hiyo fikiria niko pale kwa Nalongo, nimesimama, vidole vimepasuka kwa saruji. Amenitilia betri. Bomba la kwanza, la pili, kila shimo liko mahali nilipoliacha. Nikamaliza hatua ya kwanza. Kioo cheusi, SAVE. Kidole kikaenda chenyewe kwenye NO. Nalongo, ambaye kila mwanamume kwake ni ssebo, yaani bwana, alikuwa anachungulia begani kwangu.

"Ssebo, mbona unatupa kazi yako?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Mimi sijaokoka."

Aliitazama kofia yangu ya Kiislamu, akanitazama mimi, akakitazama kioo. Bisibisi ikamtoka mkononi. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akawaita majirani nirudie. Alipopata pumzi akanifundisha.

"Haiko inauliza kanisa, ssebo. Iko inataka kukuwekea. Pale umefika, inaweka. Kesho unaanzia pale."

Sikuona haya hata kidogo. Nilicheka hadharani, kwa mdomo na kwa kidole na kwa mabega, mpaka machozi. Miaka yote ile, Dada. Ilikuwa inatuuliza tu kama tungependa kesho tusianze upya.

Nikailipia, nikaondoka nayo, na tangu siku hiyo inapanda Mbuya nami. Saa ya chakula, posho, ndio ugali wa huku, na maharage yakishaletwa, mapoota wananizunguka. Wamempenda Tanboi kama mtu wa ukoo. Yuko mmoja anaitwa Okello, ametoka kaskazini, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza aliuliza bosi wa huyu yuko wapi. Nikamweleza kwamba amefungiwa kwenye mnara, na huyu anakwenda kumtoa. Okello akatafuna kwanza, akameza.

"Amwache mpaka Jumatatu," akasema. "Huyu apumzike."

Tangu hapo kila nikivuka hatua wananisihi nisiwe na haraka. Hata fundi wetu, ambaye huwa hali na sisi, alikuja akasimama nyuma akianza kupiga kelele, ruka poota, ruka, angalia mguu. Wenzangu wakatazamana. Hakuna aliyejua kama anayeambiwa ni mimi au Tanboi. Siku ile makarai yalikuwa mepesi, nakuapia. Nilipanda ngazi naona mabomba.

Ile sukari ya kiwandani nimeivuka. Baada yake kuna pango, kuna soko linaloelea juu ya mawingu, mambo ambayo ungeyapigia kelele mpaka Mama aje na mwiko. Sasa nimefika kwenye mlango wa mnara. Sijaufungua.

Nimezunguka sana, ngoja niseme lililonileta.

Ulipiga simu siku mbili kabla ya harusi yako. Ulikuwa umeokoka kweli, si ya gemu, na Wafula wako alikuwa anakungoja kanisani Bungoma. Baba aliniambia nipokee, niiweke mezani, nifungue sauti kubwa. Yeye ameketi, Mama amesimama mlangoni na shangazi wawili nyuma yake. Hukumwomba Baba. Hukumwomba Mama. Uliniuliza mimi.

"Juma, utakuja?"

Baba alikuwa anatazama meza. Nikasema, "Hapana."

Ukasema haya, mdogo wangu, ukakata. Mimi ninayeshika betri, ndiye niliyeondoa kidole. Nimejitetea kwa kila namna humu kichwani, kwamba nilikuwa mdogo, kwamba nilimwogopa Mzee. Nilikuwa na miaka kumi na minane na miguu miwili, na Bungoma si mbali.

Ni mwaka wa tisa sasa. Mzee aliyenitisha hakumaliza hata miwili na hasira yake. Mama alinihadithia Mzee alivyokuja kwako kumwona mjukuu, ukamtafuta jirani Mwislamu akuchinjie kuku ili Baba ale bila wasiwasi, naye akala mpaka shingo, akaondoka na paja kwenye mfuko. Nilifurahi siku ile. Halafu nikatazama nikaona ile hapana niliyoisema kwa ajili yake, yeye mwenyewe ameshaitua, na mimi nimebaki nayo kichwani kama karai ambalo hakuna anayelihitaji juu. Nikaja nayo Kampala. Kila Idi nimesema leo nampigia Zuhura. Nikifikiria kueleza yote kuanzia bomba la kwanza, nachoka, naiweka simu chini.

Lakini Nalongo anasema si lazima. Pale umefika, inaweka. Sikuombi ufute ile hapana. Niliisema, na nyumba nzima ilisikia. Nakuomba tu tuanzie hapa tulipo, mimi nikiwa na miaka ishirini na saba na mgongo wa mzee, wewe ukiwa na mtoto ambaye hajui kwamba ana mjomba anayecheka kwa kidole.

Ndiyo maana barua hii nimeiandika wazi, asome anayetaka. Hapana yangu ilitoka kwa sauti kubwa, na hii nayo isitoke kwa kunong'ona: ndiyo, Dada. Nitakuja. Saiti hufungwa Krismasi. Nitavuka mpaka pale Busia na kuja moja kwa moja kwenu, kabla hata ya kwenda kwa Mama. Kama bado una hasira, niambie yote hapo mlangoni kabla sijakaa. Kusimama na mzigo ndiyo kazi yangu, sitachoka.

Naja na gemu. Ilipotaka jina la mchezaji, nafasi ilikuwa ya herufi nne, nikaandika DADA. Mlango wa mwisho ni wako, na Okello amesema nikiufungua bila wewe nisirudi Mbuya. Wenzangu wote wanataka kujua kama yule shujaa, akishatolewa, atabeba begi lake mwenyewe. Nitawapelekea jibu.

Hii ya sasa ina kifuniko cha betri, kizima, kinafunga kabisa. Nikifika kwako nitakitoa na kukitia mfukoni. Wewe utacheza, mimi nitashika kwa nyuma.

Na kuku, usihangaike safari hii kwenda kwa jirani. Nitachinja mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa kidole cha betri.