Hakuna Kituo cha Asali Litapunga

Dar es Salaam,
Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mguu umepoa na kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua amekaa karibu anasubiri. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Tangu tutoke misa nakaa, nasimama, naenda kufunga dirisha nakuta nimeshalifunga.

Utashangaa mtu mwenye simu anaandika barua. Simu nimepiga, Baba, na imeshindwa. Ngoja kwanza nikueleze kazi yangu, kwa sababu wakikuuliza pale kigangoni huwa unajibu "yuko kwenye kompyuta," halafu unabadilisha mazungumzo.

Siku hizi mtu akihitaji kitu anaandika kwenye simu, na simu inamletea majibu yamepangwa foleni. Wengi husoma la kwanza wakaishia hapo. Ofisi yetu inalipwa kumsogeza mteja mbele ya foleni. Kazi yenyewe si mbaya. Kuna mama mmoja wa Mbagala anashona sare za shule, alikuwa hapati wateja kwa sababu ukurasa wake haukusema hata anashona nini. Niliuandika upya kwa maneno ambayo wazazi wenyewe huyatumia wakitafuta, na sasa ameongeza cherehani. Siku aliponipigia kunishukuru nilirudi nyumbani naimba.

Halafu likaja duka la asali. Wananunua sokoni hukuhuku asali ambayo hakuna anayejua imetoka wapi, lakini wanataka kila anayetafuta asali ya Katavi awakute wao kwanza. Bosi akaniambia, "Skola, wewe si wa huko? Taja vijiji." Nikaandika ukurasa wa Magamba, wa Kabungu na wa kwetu Litapunga. Niliandika kwa raha, sikufichi. Nilieleza mizinga ya magome, na jinsi kila ukoo unavyochonga alama yake kwenye mzinga ili mtu asije akarina usio wake. Bosi aliposoma akaongeza mstari juu kabisa: "Tuna kituo cha kununua asali Litapunga." Nikamwambia kituo hakuna. Akacheka, akasema ukurasa wenye mahali pa kufika hupanda haraka, na wateja wako Dar, nani wa Litapunga atausoma?

Aliyeusoma ni mwanao Deusi.

Alinipigia Alhamisi kwa furaha mpaka maneno yanagongana. "Nyie mnajua wanunuzi wamekuja huku halafu mnakaa kimya? Watu wanaandaa mienge, mwishoni mwa wiki ijayo tunapanda kurina." Nikamwambia kaka, hakuna kituo, ule mstari ni uongo, nilikuwepo ukiandikwa. Unajua alinijibu nini?

"Sasa mbona ukurasa ndio wa kwanza kabisa? Nimetafuta tena hapa, bado wa kwanza. Na wewe uko Dar, ya huku utayajuaje?"

Kati ya sauti ya dada yake na mstari wa kwanza kwenye simu, Deusi ameamini mstari. Na simu ya nyumbani ni ya kwake, kwa hiyo nikisema kitu kinaishia sikioni mwake.

Baba, unajua kuliko mimi kwamba sasa hivi nyuki hawajayafunika masega kwa nta, asali bado changa. Wakirina mapema asali itachachia kwenye ndoo wakimsubiri mtu asiyekuja, na msimu ukifika hakutakuwa na cha kurina. Baba mdogo Zakaria anasomesha wanawe kwa mizinga ile. Nikimfikiria yuko juu ya mti na mwenge wake kwa sababu ya ukurasa wangu, nasukuma sahani pembeni.

Ijumaa niliufuta ule mstari. Kabla ya chakula cha mchana bosi alikuwa ameurudisha, na nywila yangu haifungui tena. Nilimfuata. Akasema ukurasa ukishafika juu hauguswi, na tukiacha sisi watafanya wengine. Kisha akauliza, "Hao ndugu zako, asali yao nani alikuwa anaijua kabla yetu?" Hilo limenikera kuliko yote, kwa sababu lina ukweli. Wewe hupenda kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huku, Baba, kizuri kikikaa kimya kinapitwa, kwa hiyo sioni aibu kukitembeza. Lakini huyu anatembeza kitu ambacho hakipo, na anakitembeza kwa jina la kwetu. Kesho ameniita ofisini. Nikifukuzwa msihuzunike sana, ila Mama asafishe kile chumba cha nyuma.

Msalimie baba mdogo Zakaria, na mwambie namwomba aache mienge. Wifi yangu mke wa Deusi mwambie vitenge nimeviona, nachagua. Bibi mpe pole ya macho. Deusi naye msalimie, ingawa nimemkasirikia, na najua hasira hiyo ningepaswa kujielekezea mwenyewe.

Barua namkabidhi kondakta wa basi la Mpanda jioni hii ili ikuwahi kabla ya jumuiya ya Jumatano. Wewe ndiye unayewasomea masomo, na mwandiko wangu wanaujua, kwa kuwa matangazo ya jumuiya nilikuwa naandika mimi. Haya ya juu ni yako na Mama. Wao wasomee kuanzia hapa:

Ndugu zangu wa jumuiya, tumsifu Yesu Kristo. Hakuna kituo cha kununua asali Litapunga. Hakipo na hakijawahi kuwepo. Ukurasa mnaouona kwenye simu niliuandika mimi, Skolastika, nikiwa kwenye kiti huku Dar, na simu ikiuweka wa kwanza haina maana kwamba ni wa kweli. Acheni nyuki wamalize kazi yao. Ukurasa ule ulitaja alama za koo zetu zote na wenyewe hauna hata moja, kwa hiyo hamjui wa nani. Hapa chini nimechora ya kwetu, mikato miwili na duara, kama ilivyo kwenye mizinga ya baba yangu. Maneno haya yana mwenyewe.

Skolastika

/ / O